Msomaji na Kuku wa Mtaa wa Sol

Siku ambayo Eneida Lazo aliwatoa wasokotaji wote wa sigara ukumbini kwa sababu ya kuku, hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikuwa juu ya jukwaa lake kama kawaida, akiwasomea huku wakisokota, kipaza sauti mbele, simu mkononi, na alisoma alichokiona kwenye kioo: "Kuku wamefika leo duka la Mtaa wa Sol, wapo wengi, wahini." Basi. Hakuwahi hata kuvuta pumzi. Viti vilisukumwa nyuma kwa mpigo mmoja, mtu akamkanyaga mtu, na watu wazima wenye wajukuu wao wakatoka mbio na aproni kiunoni, wakateremka ngazi hadi mtaani.

Asiyeijua Pinar del Río, mji wetu huku Kuba, anaweza kucheka. Anayeijua, na uhaba wake wa nyama, anaelewa kwamba neno kuku, likitamkwa kwenye kipaza sauti, linashinda king'ora cha moto. Duka la Mtaa wa Sol walimkuta muuzaji anapiga deki. Akawatazama, akaegemea ufagio wake. "Kuku gani tena?" akauliza. "Kuku walikuja mwaka jana." Ujumbe ule ulikuwa umezunguka kwenye simu za watu tangu mwaka jana huo, kutoka kundi hadi kundi, na kila ulikofika ulisema "leo".

Waliporudi kiwandani La Perla Morena, jasho likiwatiririka na mikono mitupu, walikuta hasara ya pili inawasubiri. Jani la kufungia sigara, lile jembamba la nje, hulainishwa kwa maji asubuhi, na likiachwa mezani bila kufunikwa hukauka likavunjika kama biskuti. Majani yalikuwa yamekauka, meza zote. Kazi ya siku nzima ikafagiliwa. Na msokotaji halipwi kwa kukaa kwenye kiti, analipwa kwa sigara aliyoisokota, kwa hiyo siku ile hakuna aliyekuwa na hamu ya kusikia maneno ya pole.

Osmani Crespo alipanda juu ya kiti. Alikuwa anakaa mstari wa mbele, alisokota vizuri kuliko wengi na kusema kuliko wote, na ndiye mwenye kundi la simu liitwalo Ukumbi Wenye Habari, ambalo lilitoa habari hata za watu walioomba wasiandikwe.

"Jamani, mimi nauliza tu," alisema, na kila mtu alijua kwamba hakuwa anauliza. "Tuna mtu wa kutusomea simu? Simu si kila mtu anayo? Macho si kila mtu anayo? Tuwekewe spika, muziki upigwe, na kila mtu avae visikilizio vyake ajisomee mambo yake. Mimi nimechoka kulishwa kwa kijiko, tena nalishwa uongo!"

Kuna waliocheka, kuna walioguna, na wengi waliinamisha vichwa, jambo ambalo lilimuuma Eneida zaidi. Mkurugenzi, ndugu Argelio Pozo, mtu wa amani ambaye angekubali hata kuhama mji ili asigombane na jirani, alipangusa paji la uso na kusema kura ipigwe Ijumaa, kazi ikiisha. Wasokotaji wenyewe waamue kama msomaji abaki au aondoke. Mpaka Ijumaa jukwaa lipumzike, na Ijumaa yenyewe Eneida asome kwa mara ya mwisho, au kwa mara ya kwanza tena, Mungu anajua.

Huku kwetu msomaji hateuliwi na ofisi. Wasokotaji humchagua wenyewe baada ya kumsikiliza, na anapowafurahisha hawapigi makofi, maana mikono yao ina kazi. Huchukua chaveta, kile kisu kifupi kisicho na mpini wanachokatia majani, na kukigonga bapa juu ya ubao wa meza. Akiwaudhi, wanakitupa sakafuni. Eneida aligongewa mara ya kwanza akiwa msichana, baada ya kusoma sura ya kwanza ya riwaya mbele ya watu asiowajua, na sauti ile ya visu juu ya mbao ilimwingia mwilini ikakaa. Hakuolewa, hakuzaa, na hakuwahi kulalamika kwa hilo. Alikuwa na ukumbi mzima wa watu waliomsubiri kila asubuhi. Ukimwondoa jukwaani, humwondoi kazini tu, unamwondoa duniani.

Ndiyo maana alichanganyikiwa simu zilipoingia. Alianza kuona sikio moja limezibwa kwa kisikilizio, kisha jingine, kisha mstari mzima wa dirishani ukitikisa vichwa kwa miziki ambayo yeye haisikii. Akaona akibaki na gazeti lake la asubuhi na riwaya yake ya mchana ataachwa. Akanunua simu. Akaingia kundi la Osmani, na kundi la mtaa, na la wilaya, na la watu wa kanisa, na la binamu wa Miami, na mengine ambayo hakukumbuka nani alimtia. Alikunywa kahawa akisoma, akapika akisoma, maharage yakaungua akisoma. Na jukwaani alimwaga vyote alivyovizoa: vita, sabuni, harusi ya mwimbaji, dawa ya kitunguu saumu, jiwe kutoka angani litakalotupiga Alhamisi, bei ya mchele, jiwe limeahirishwa. Riwaya aliiweka kando kwa sababu hakukuwa na nafasi. Kadiri alivyosoma haraka ndivyo masikio yalivyozidi kuzibwa, naye akaona dawa ni kuongeza mwendo.

"Shoga, nakupenda tangu tuko darasa moja," Migdalia alimwambia jioni ile ya kuku, wamekaa barazani kwake na vikombe vya kahawa. Migdalia alisokota meza ya tatu na alikuwa na kicheko kilichovuka barabara. "Lakini kuku wako wamenitoa roho. Unaniona hivi, nilikuwa wa kwanza kufika dukani. Na goti langu hili!"

"Usinichekeshe, Migdalia. Ijumaa wananitupa."

"Watakutupa, ndiyo. Siku hizi unasoma kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Nimeshika jani, sijamaliza kumlilia marehemu wa vitani, tayari umeniletea keki ya harusi. Mimi nilie au nile?"

"Wananiacha. Kila siku naona masikio yanazibwa."

"Kwa hiyo ukaona uwapigie kelele kuzishinda simu zao? Utaiweza simu wewe? Simu hailali." Migdalia aliweka kikombe chini. "Na Leocadia wetu umemtupa wapi? Mwezi mzima umemwacha ameshika kitasa."

Leocadia alikuwa mjane wa riwayani, mwenye nyumba ya wageni, katika kitabu kikuukuu kilichopoteza jalada na kurasa za mwanzo, hata jina la mwandishi hakuna ajuaye. Juu kabisa ya nyumba yake aliishi mgeni aliyelipa kabla na asiyetoka chumbani. Eneida alikuwa ameacha kusoma pale mjane alipopanda ngazi na kushika kitasa cha mlango. Alidhani hakuna aliyekumbuka.

Keshokutwa yake, Jumatano, hasira ilimwamsha mapema. Alijiambia kwamba kosa lake lilikuwa moja, kutohakiki, na dawa ya kutohakiki ni kuhakiki. Angechukua habari zote za asubuhi hiyo, moja baada ya nyingine, akazitafute kwa miguu mpaka ajue ipi kweli na ipi uongo, na Ijumaa asimame mbele ya Osmani bila mwanya wa kusemwa. Akavaa viatu vizuri akatoka.

Simu ilisema mkate hautakuwepo wiki nzima. Alikwenda kwa mwokaji akamkuta amepakaa unga hadi nyusi, tanuri linawaka. "Nani kasema?" mwokaji alifoka. "Mimi ndiye naoka, mbona sijaambiwa?" Simu ilisema barabara ya hospitali imefungwa. Alikwenda na kweli ilikuwa imefungwa, bomba limepasuka, na maji yakamwingia viatuni. Simu ilisema dawa ya presha imekwisha mkoa mzima. Akaenda famasi, akakuta foleni imejikunja mpaka kona, akauliza kama anavyouliza kila mtu huku kwetu kabla hata ya kusalimia: "Nani wa mwisho?"

Mama mmoja mwenye blauzi ya njano aliinua mkono. "Mimi hapa, mpenzi."

Eneida alisimama nyuma yake na kuduwaa. Alikuwa ameuliza swali hilo maisha yake yote na hajawahi kulitazama. Foleni ile haikuwa na mstari. Watu walikaa ukutani, wengine walivuka barabara kutafuta kivuli, wengine walipiga soga chini ya mwamvuli mmoja. Lakini haikuvurugika, kwa sababu kila nafasi ilikuwa na mtu aliyeinua mkono na kusema ni mimi. Mtu angekuja na kusema "nasikia wa mwisho yuko upande ule", wangemcheka. Nani? Ainue mkono. Kama hakuna mkono, hakuna wa mwisho, na maneno yako ni upepo.

Kuhusu dawa, kila mtu pale kwenye foleni alikuwa na habari yake na hakuna aliyeinua mkono, na dirisha lilifungwa kabla hajafika. Jua lilipozama alikuwa amekamilisha habari mbili, mkate upo na barabara imefungwa. Mbili tu. Na wakati akizihangaikia hizo mbili, simu ilikuwa imejaza nyingine ukurasa juu ya ukurasa, zikimsubiri mkobani kama nguo chafu za familia ya watu wengine.

Alikaa kwenye ukingo wa barabara akavua viatu akamwaga maji. Kwanza aliona aibu. Kisha, taratibu, akaona kitu ambacho hakukitegemea: alikuwa mwepesi. Kichwa hakikumuuma. Hakuna binadamu aliyeumbwa kuzibeba zote hizi, aliwaza, na hakuna aliyeniomba nizibebe. Wao waliniomba niwasomee. Mbili nilizoziona kwa macho na miguu yangu naweza kuzisimamia mbele ya yeyote. Nyingine zitafute msomaji mwingine. Alitamani kucheka peke yake pale barabarani, na akacheka.

Siku ya pili alijitoa kwenye makundi. Yote. Kila mara simu ilimuuliza kama ana uhakika, naye akaijibu kwa sauti, jikoni, "Nina uhakika kama nilivyobatizwa." Jioni Migdalia alimpitia akiwa na habari motomoto.

"Osmani amekuandika kwenye kundi! Anasema umekimbia hata kura haijapigwa."

"Ameandika saa ngapi?"

"Mchana."

"Mchana wote mimi nilikuwa nalala usingizi mtamu," Eneida alisema. "Ona sasa, matusi yamepita mlangoni hayajanikuta nyumbani."

Ijumaa kulikucha na anga la rangi ya risasi. Kimbunga kilikuwa kimezaliwa kusini, na kabla watu hawajapiga mswaki tayari simu zilikuwa na vimbunga vitano tofauti. Cha kwanza kilikuja kesho, cha pili kilifika leo mchana, cha tatu kilikuwa kikubwa kuliko vyote tangu dunia iumbwe, cha nne kimegeuka na cha tano kimerudi. Kulikuwa na picha ya wimbi limesimama juu ya hoteli, na hoteli yenyewe ilikuwa na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, sijui ya nchi gani. Eneida aliyasikia yote haya dirishani, majirani wakipaziana sauti. Na aliogopa, hakuwa jiwe. Lakini badala ya kushika simu alishika mwamvuli, akapanda kilima hadi kituo cha hali ya hewa.

Zamu ilikuwa ya Evelio, mtu mrefu mwenye ndevu za siku kadhaa na macho mekundu. Alimwonyesha ramani kisha akamwandikia kwa penseli. Kimbunga kingepita baharini, magharibi yetu, usiku wa kuamkia Jumapili. Mvua kubwa, upepo wa kung'oa mabati mabovu. Watu wafunge madirisha, wasivuke mto usiku. Hakuna anayehamishwa. Taarifa nyingine ingetoka saa nane mchana.

"Na kati ya sasa na saa nane?" Eneida aliuliza.

"Kati ya sasa na saa nane mimi nakunywa kahawa."

"Lakini kama kuna anayejua zaidi..."

"Dada yangu, hakuna. Mimi ndiye ninayeangalia. Ukikutana na anayejua zaidi, mlete hapa anipokee zamu, nikalale."

Eneida alimkumbatia mtu yule, na penseli yake mkononi, kisha akateremka kilima karibu akikimbia.

Ukumbini alikuta vurugu. Nusu ya watu walikuwa wamesimama, majani yamefunikwa, chaveta zimelazwa, kila mtu ana simu sikioni au usoni. Osmani alikuwa katikati anasoma kwa sauti, na kila aliposoma kitu mwingine alimkatiza kwa cha kutisha zaidi. Mwanamke mmoja wa dirishani alikuwa analia. Ndugu Argelio alizunguka mlangoni akisema "tulieni, ndugu, tulieni" kwa sauti ya mtu ambaye mwenyewe anataka kutulizwa.

Eneida alipanda jukwaani. Hakugonga kipaza sauti, hakukohoa. Alisoma.

"Nimetoka kituoni sasa hivi. Evelio wa zamu ameniandikia haya kwa mkono wake, na mimi nimeiona ramani." Akasoma yale ya Evelio, polepole, kama alivyokuwa anasoma zamani. Akayarudia mara ya pili kwa ajili ya waliokuwa wanatoa visikilizio. "Taarifa nyingine ni saa nane. Kati ya sasa na saa nane hakuna mtu duniani anayejua zaidi ya hapo, hata huyo anayewatumia sauti zake akihema. Fungeni madirisha mkifika nyumbani. Sasa hivi fanyeni kazi, mimi niwasomee."

"Daraja limeanguka!" Osmani alipaza sauti, simu juu. "Hii hapa! Daraja la mtoni limekatika, watu wamo majini, na yeye anataka kutusomea hadithi!"

Ukumbi ukasimama wima. Kama ingekuwa kweli, Eneida alikuwa amekwisha. Akashika ukingo wa meza.

"Nani ameliona?"

"Imesambazwa kila mahali!"

"Sikukuuliza imefika wapi. Nauliza kama kwenye foleni, Osmani. Nani? Ainue mkono."

Watu waligeuka kutazamana. Wapo walioanza kuinua mkono wakaushusha, kwa kuwa walichoona ni ujumbe.

"Mume wangu yuko pale!" Migdalia alisema ghafla. "Tomasito! Amekwenda kuvua tangu alfajiri, huyo hata kimbunga kikimchukua atakwenda na ndoano." Akapiga simu, akaiweka sauti kubwa na kuiinua juu. Ikaita, ikaita.

"Unasemaje?" ilisikika sauti ya mzee, na nyuma yake maji yanayopita.

"Tomasito! Daraja limeanguka?"

"Daraja gani?"

"La mtoni, wewe mwanamume!"

"Kama limeanguka," Tomasito alisema, "basi mimi nimekalia nini?"

Kicheko cha Migdalia kilipasuka kwanza, kisha ukumbi mzima, kicheko cha watu waliokuwa wameogopa sana. Yule mama wa dirishani alicheka na machozi bado shavuni. Osmani aliketi. Eneida naye alicheka mpaka akalazimika kujifuta macho, kisha akafungua kitabu kisicho na jalada, akatafuta ukurasa ambao alikuwa ameuacha, na kuanza.

Leocadia alishika kitasa. Kitasa kilikuwa baridi. Kutoka ndani mgeni alimwita kwa jina, jina la utotoni ambalo mumewe tu alilijua, na mumewe alikuwa amezikwa. Eneida hakukimbia. Pale mjane aliposita, naye alisita. Alisoma maneno ya mgeni kwa sauti ya chini hata waliokaa nyuma wakainamisha miili mbele. Alimsikia mtu akilowesha jani. Alimsikia mwingine. Chaveta zikaanza kukata, sauti ile ndogo ya kazi aliyokuwa hajaisikia kwa wiki nyingi kwa sababu alikuwa anaifunika na kelele zake mwenyewe.

Simu hazikunyamaza. Zilitetema juu ya meza, zilimulika, zikalia kwa milio yao yote. Kijana mmoja wa dirishani, ambaye Eneida hakuwahi kuliona sikio lake la kushoto, alivuta kisikilizio kwa kidole kimoja, akasikiliza kidogo, kisha akakivua kabisa. Jirani yake alimwuliza kwa kunong'ona Leocadia ni nani, naye akamwelezea huku akimwashiria anyamaze. Mama mmoja aliitia simu yake kwenye boksi la mabaki ya majani na kuifunika. Ilitetema humo ndani, wala hakuitazama tena.

Osmani ndiye aliyeshikilia simu. Alisokota kwa mkono mmoja na kutazama kioo kwa jicho moja, na kila baada ya muda alikuwa na habari mpya ya kusema. "Wanasema kimegeuka," alisema. Watu waliendelea kukata majani. "Wanasema kimerudi." "Shhh!" ikatoka mistari yote, na mzee mmoja akamrushia kipande cha jani. Hata msomaji ana kiburi chake, na Eneida alikifurahia kipande kile cha jani kuliko alivyopaswa.

Saa nane ilipokaribia aliweka kidole kitabuni, akateremka, akaenda kwenye simu ya mezani ya bawabu. Ukumbi ulimsindikiza kwa macho. Woga ulirudi. Kila mmoja alikuwa amekumbuka paa lake na watoto wake. Ndugu Argelio alikuwa tayari amepanga vikaratasi vya kura kwenye sahani. Eneida alimsikia Evelio akipiga miayo upande wa pili.

"Vipi?" alimwuliza.

"Pale pale. Njia ile ile, mwendo ule ule."

"Kwa hiyo niwaambie nini?"

"Waambie yale ya asubuhi."

Alibaki ameshika mkono wa simu hata baada ya Evelio kukata. Sasa ndiyo mtihani. Wote wale walikuwa wamesubiri tangu asubuhi, wamezizuia simu zao kwa ajili yake, na yeye hakuwa na kitu cha kuwapa. Mwezi uliopita angetia chumvi. Angeongeza wimbi, angeongeza "wataalamu wanahofia", angetafuta chochote cha kujaza kinywa, ili wasije wakaona kwamba msomaji wao amerudi mikono mitupu. Akapanda ngazi za jukwaa. Akajikaza. Akakiinamia kipaza sauti.

"Saa nane," alisema. "Nimezungumza na Evelio. Hakuna jipya."

Alisubiri. Mahali fulani kisu kilianguka sakafuni, kikalia juu ya vigae, na kila kichwa kikageuka. Kilikuwa cha Osmani. Eneida alijua maana ya kisu sakafuni.

Osmani alitazama chini, akawatazama watu, uso ukamwiva. "Kimeteleza," alisema. "Jamani, nawaapia, kimeteleza." Akainama, akakiokota, akakifuta kwenye aproni. Kisha akakigonga bapa mezani, mara moja, kwa hasira, kama mtu anayeua mende.

Aliyefuata alikuwa mama wa dirishani, halafu Migdalia kwa mikono miwili, halafu meza yake yote, halafu mstari wa tatu na wa nne, na baada ya hapo haikujulikana tena nani na nani. Visu vyote viligonga mbao zote. Madirisha yalitikisika, vumbi la tumbaku likanyanyuka mezani, glasi ya maji ya Eneida ikatembea yenyewe hadi ukingoni akaiwahi. Watu wa mtaani walisimama kwenye mvua wakitazama juu. Walikuwa wanamgongea habari kwamba hakuna habari. Walikuwa wamepewa saa nzima za maisha yao, zimerudi mikononi mwao, hakuna aliyezitisha na hakuna aliyeziiba, na walizipokea kwa shangwe ambayo La Perla Morena haikuwahi kumpa mtu kwa vita, kwa harusi, wala kwa kuku.

"Kura ni saa tisa!" ndugu Argelio alikuwa anapiga kelele mlangoni, sahani ya vikaratasi mkononi. "Ndugu zangu, bado! Kura ni saa tisa!" Midomo yake tu ndiyo ilionekana. Mwisho akaweka sahani chini, akatafuta kitu cha kugongea, na kwa kuwa mkurugenzi hana chaveta, akavua kiatu.

Eneida alilia bila kujificha. Alijaribu kusema asante kwenye kipaza sauti na hakujisikia mwenyewe. Akakifungua kitabu, akakaa, na kusubiri wachoke. Hawakuchoka.